Kambona Alijiuzulu, Mwalimu Aling'atuka

Juni 1967 Oscar Kambona alijiuzulu. Aliacha uwaziri, akaacha na ukatibu mkuu wa TANU, na mwezi uliofuata akavuka mpaka kuingia Kenya, akaishia London. Novemba 1985 Julius Nyerere aling'atuka. Hawa ni watu wawili waliowahi kuwa maswahiba, na walichokifanya, ukikitazama kwa macho makavu, hakitofautiani sana: mtu ana kiti, anakiacha, na hakuna kura wala bunduki iliyomtoa. Sasa hebu vibadilishe vitenzi. "Kambona aling'atuka." Sikio linakataa. "Mwalimu alijiuzulu mwaka 1985." Linakataa zaidi, tena hapo unaweza kupata ugomvi na mzee wa watu asiye na hatia.

Kwa nini lugha moja iwe na maneno mawili kwa jambo moja, na kila neno liwe na mtu wake? Swali hili linatusumbua zaidi sisi wa huku Mbinga, kwa sababu huyo wa kwanza ni wetu. Kambona alizaliwa Kwambe, kijiji cha pwani ya Ziwa Nyasa karibu na Mbamba Bay, eneo ambalo tangu 2012 liko chini ya Wilaya ya Nyasa lakini kwa wazee bado ni Mbinga tu. Baba yake, Padri David Kambona, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kupewa upadri wa Kianglikana nchini. Mtoto akasoma Liuli, kwenye misheni ya UMCA, akaenda Dodoma, akaenda Tabora, akawa mwalimu, kisha akawa mtu wa TANU. Januari 1964 askari walipoasi, Nyerere na Kawawa wakawa mafichoni, aliyekwenda kuzungumza nao ni huyu mtoto wa padri kutoka ziwani. Miaka mitatu baadaye alikuwa London, na ndugu zake wawili walikuwa kizuizini.

Tuanze na neno alilopewa.

Kujiuzulu ni kitenzi cha ajabu ukikifungua. Ndani yake kuna *uzulu*, neno lililotoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutenga, kuweka kando, kumwondoa mtu kwenye kazi. Kumuuzulu mtu ni kumvua madaraka. Kwenye Biblia ya Kiswahili waliyoizoea wakristo wa Liuli, sura ya pili ya kitabu cha Danieli, anayeuzulu wafalme ni Mungu mwenyewe. Kitenzi chenyewe kizito hivyo. Ukiongeza *ji* katikati unapata mtu anayejivua, anayejifukuza kazi yeye mwenyewe. Yaani mwamuzi ni yeye na mshtakiwa ni yeye.

Cha kuchekesha ni kwamba mzazi amekufa na mtoto anaishi. Nani leo anasema Rais amemuuzulu waziri? Tunasema ametengua uteuzi wake, na mtaani tangu 2015 tunasema ametumbuliwa, kama jipu. *Kuuzulu* limebaki kwenye kamusi na kwenye maandiko. Lakini *kujiuzulu* kila mtu analijua, na lile kovu la mzazi wake bado linalo. Ukisikia redioni fulani amejiuzulu, swali la kwanza kichwani si "alikuwa anapinga nini?" Ni "kafanya nini?" Pale vijijini kwetu hata mweka hazina wa chama cha msingi cha kahawa akiandika barua ya kuacha kazi kwa sababu kweli amechoka, watu wataomba vitabu vya hesabu kwanza. Silaumu watu wa kahawa, wameliwa sana. Nasema tu kwamba neno lenyewe linawasaidia kushuku.

Na hatuko peke yetu. Ng'ambo ya ziwa, Bandawe na baadaye Khondowe, walikuwako wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia kuanzia miaka ya 1880. Waskoti wana neno lao la kujiuzulu ambalo Mwingereza wa kawaida halitumii: *demit*. Mpaka leo mchungaji wa Kanisa la Skoti akiacha usharika wake hutumia hilo, na karatasi aliyotia saini Malkia Mary wa Skoti mwaka 1567, akiwa mfungwa katika ngome ya Lochleven, kumwachia mwanawe taji, huitwa kwa jina la neno hilohilo. Limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, na mzizi wake ni kupeleka mbali, kuruhusu aende zake. Mzizi huohuo ndio uliowapa Waingereza *dismiss*, kufukuza kazi. Ndugu wa tumbo moja. Na Mfaransa anapojiuzulu anasema *se démettre*, kwa neno kwa neno: anajiondoa, anajivua. Ku-ji-uzulu! Waarabu na Walatini hawakukaa kikao, lakini wote waliona kitu kimoja, kwamba kuacha cheo ni kufukuzwa ambako mtu amejifanyia. Na Mary, tukumbuke, hakuwa na hiari kubwa mle ngomeni.

Kiswahili kilikuwa na njia nyingine, tukaitumia vingine. *Kustaafu* pia limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa *afu* na *afya*, na maana yake ya asili ni kuomba radhi, kuomba uachiliwe kazi. Waturuki wanasema *istifa* kwa kujiuzulu. Wairani wanalo, na ukienda Pakistani utalisikia kwenye taarifa ya habari kila serikali ikitikisika. Sisi neno hilo lenye adabu tulilipeleka kwenye pensheni. Mstaafu ni mtu aliyefikisha umri, ana kiinua mgongo chake, anafuga kuku. Anayeondoka kabla ya umri kwa sababu hakubaliani na wenzake tukamwachia lile lingine.

Mfano wa jinsi silabi moja inavyoweza kuwa nyembamba uko hapohapo ziwani. Septemba 1964, miezi miwili tu baada ya uhuru wa Malawi, Kamuzu Banda aligombana na mawaziri wake. Akawafukuza Kanyama Chiume, Orton Chirwa na Augustine Bwanausi. Yatuta Chisiza na Willie Chokani wakaondoka wenyewe kuwaunga mkono wenzao, na Henry Chipembere, aliyekuwa safarini Kanada, alirudi naye akaacha kiti. Kwa Kiswahili: hawa waliuzuliwa, wale walijiuzulu. *Li* na *ji*, basi. Na je, tofauti hiyo iliwasaidia nini? Muda si muda karibu wote walikuwa uhamishoni, waliofukuzwa na walioondoka, wengi wakipitia au kukaa Tanzania. Chiume, mzaliwa wa Usisya kwenye ufuko unaotazamana na wetu, alikuwa amesomeshwa Tanganyika tangu utotoni, kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa kama kurudi nyumbani. Aliandika magazetini, akaandika na vitabu vya Kiswahili. Wapenzi wa riwaya za zamani wanaikumbuka *Dunia Ngumu*. Huyo ni waziri wa mambo ya nje wa nchi jirani anayemalizia ujana wake akitunga hadithi kwa lugha yetu. Sijui kwa nini hatumzungumzii zaidi.

Banda naye, mwaka 1971, akaapishwa kuwa Rais wa Maisha. Ukisimama Mbamba Bay jioni unatazama upande wa Nkhata Bay. Kwa miaka ishirini na zaidi ng'ambo ile kulikuwa na nchi ambayo kitenzi cha kuacha urais kilikuwa hakina kazi kabisa. Na mtu aliyelikumbusha ziwa letu kwamba kitenzi hicho kipo, Kambona, serikali ya Dar ilikuwa ikimtaja kama adui. Mwaka huohuo wa 1967 Tanzania na Malawi zilikuwa zikivutana juu ya mpaka upite wapi majini. Wazazi wetu walisikia habari zote mbili kwa pamoja, ya mpaka na ya mtoto wa padri, na nadhani ndiyo maana mpaka leo baadhi yao wakisimulia huzichanganya.

Kambona hakufukuzwa. Hilo liandikwe wazi. Alikuwa amepunguziwa nguvu, ni kweli. Alitolewa kwenye wizara kubwa akapewa ya serikali za mitaa na maendeleo vijijini. Lakini kuondoka aliondoka mwenyewe, miezi minne baada ya Azimio la Arusha, na baadaye akiwa Uingereza alisema hadharani kwamba hakubaliani na mwelekeo ule na mamlaka yote kukusanyika mahali pamoja. Unaweza kukubaliana naye au usikubaliane. Mimi nina mashaka na baadhi ya aliyoyasema huko nje. Ila nchini hakukuwa na neno la kumwita waziri anayeondoka kwa kutokubaliana. Kulikuwa na *amejiuzulu*, ambalo tayari lina harufu ya kosa, na baada ya Julai kukawa na *amekimbia*, na ilipofika kesi ya uhaini ya 1970, ambayo yeye alitajwa kuwa kinara wake akiwa hayupo, Bibi Titi Mohamed na wenzake wakiwa kizimbani, lilikuwepo *msaliti*. Ni ngazi ya maneno matatu, na alipokanyaga la kwanza aliteleza hadi la tatu.

Basi miaka kumi na minane baadaye Mwalimu anataka kuondoka. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kujiuzulu! Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, na vitabu vyetu vya historia mpaka leo huandika hivyo bila kuona haya: alijiuzulu. Dunia ilishangaa, wengine walidhani amepinduliwa na wenzake. Alijua, basi, neno lile linavyosikika masikioni mwa watu. Mwaka 1985 hakulitumia. Akaenda kuchukua neno kwao Butiama.

*Kung'atuka* ni Kizanaki. Wazanaki, kama majirani zao wengi wa Mara, walikuwa na utaratibu wa marika: rika linashika mambo ya jamii kwa kipindi chake, kisha linatoka kwa heshima na kulipisha rika linalofuata. Kwa hiyo anayeng'atuka hajafanya kosa. Wala hayuko peke yake; ni zamu imeisha, na aliyepo nyuma yake ameshakua. Hakuna *ji* ndani ya neno hilo, hakuna mtu anayejihukumu. Mtoto wa Mtemi Burito alilichukua neno la wazee wa kijijini akaliweka kwenye midomo ya nchi nzima, na nchi ikalipokea kama vile lilikuwepo siku zote.

Mimi nina dhana yangu kwa nini lilipokelewa haraka hivyo. Kiswahili tayari kina *ng'ata*. Na Kiswahili kina ule mtindo wa kupindua kitenzi: funga, fungua, funguka; ziba, zibua, zibuka. Msikilizaji wa Lindi au Kigoma asiyejua hata neno moja la Kizanaki anaposikia *ng'atuka*, sikio lake linafanya hesabu lenyewe: ng'ata, ng'atua, ng'atuka. Kuachia meno. Alikuwa ameuma, sasa ameachia. Asili ya neno si hiyo, lakini maneno hayaishi kwa asili yake tu. Tunao wengi wanaoonekana wameling'ata jambo.

Na ajabu nyingine: hakung'atuka kote siku ile. Urais alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985, uenyekiti wa CCM akabaki nao mpaka 1990. Wapo wanaosema rika halitoki mguu mmoja. Wapo wanaosema ndivyo mzee mwenye busara anavyofanya, anakaa pembeni kuangalia vijana wasichome nyumba. Neno lilivumilia yote mawili.

Mwinyi mwenyewe ni somo. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Hakuwa amempiga mtu yeyote. Aliwajibika, akapelekwa Misri kuwa balozi. Januari 1984 Aboud Jumbe akajiuzulu urais wa Zanzibar, na hapo kila mtu alijua *ji* ile imewekwa na nani. Mwinyi akachukua nafasi. Mwaka uliofuata Nyerere akang'atuka, Mwinyi akachukua na hiyo. Maisha ya mtu mmoja yamepita katikati ya kujiuzulu kwa uwajibikaji, kujiuzulu kwa kusukumwa, na kung'atuka. Ndiye karibu peke yake ambaye *kujiuzulu* halikumwacha na doa. Watu walimheshimu kwalo. Kwa hiyo siyo kwamba haiwezekani.

Halafu yupo Rashidi Kawawa, naye wa Ruvuma, mzaliwa wa Songea. Huyu ndiye ananipa shida zaidi. Januari 1962 Nyerere anaacha uwaziri mkuu, Kawawa anaupokea. Desemba ileile Nyerere anarudi akiwa Rais, Kawawa anakuwa makamu. Baada ya Muungano mwaka 1964 anakuwa makamu wa pili, kwa sababu kuna Karume. Mwaka 1972 anakuwa waziri mkuu tena. Mwaka 1977 uwaziri mkuu unakwenda kwa Edward Sokoine na Kawawa anashuka kuwa waziri wa ulinzi, na akiwa hapo ndipo vita vya Kagera vinapiganwa. Huyu alikuwa ameshika nchi mikononi mwake kwa miezi kumi na mmoja, akairudisha ilivyo, na hata siku moja hatukusikia amelalamika. Hakujiuzulu. Hakung'atuka. Hakuuzuliwa. Kiswahili hakina kitenzi cha alichokuwa anakifanya Kawawa. Tulimpa jina la sifa, Simba wa Vita, ambalo halielezi hilo hata kidogo.

Wawili wa mkoa mmoja, ukipenda uwaweke pamoja: mmoja alisema hapana akaondoka, mwingine alisema ndiyo akakaa popote alipowekwa. Nyumbani barabara na majengo hukumbuka zaidi mtu wa aina ya pili.

Tangu hapo mtaa umezalisha maneno yake. *Kuachia ngazi*, ambalo magazeti yanalipenda kwa sababu linaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. *Kubwaga manyanga*, ambalo mimi ndilo nalipenda kuliko yote: manyanga ni yale mabuyu ya kutikisa kwenye ngoma na uganga, na fundi akiyabwaga chini ngoma imekwisha, hakuna wa kumlazimisha kucheza. Hilo lina hasira ndani yake, na lina uhuru. Edward Lowassa alipotangaza kujiuzulu bungeni Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati ya Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela kule kichwani mwa ziwa hilihili, magazeti yalitumia yote. Job Ndugai naye, Januari 2022, aliposhuka kiti cha uspika. Lakini angalia kitu kimoja: hakuna mhariri aliyeandika kwa uzito kwamba Lowassa *ameng'atuka*. Neno la Mwalimu tumelifunga kabatini pamoja na fimbo yake.

Kenya hawana woga huo. Wao hulitumia kama rungu: ang'atuke! Mwandamanaji wa Nairobi anamwamrisha kiongozi afanye kwa lazima kile ambacho kwa Wazanaki kilikuwa zamu na heshima. Sijui wazee wa Butiama wangesema nini.

Lakini lipo sehemu moja ambako limebaki na maana ya Kizanaki, nayo iko karibu na sisi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 401, inamtaka askofu akifika miaka 75 aandike kwa Papa kuomba kuachia jimbo. Taarifa za Kiswahili kutoka Vatikani husema askofu fulani ameomba *kung'atuka* na Papa ameridhia. Ndivyo ilivyosemwa hata Papa Benedikto wa 16 alipotangaza kuondoka Februari 2013, Wakatoliki wengi tukiwa hatujui kama hilo linawezekana. Kwetu Mbinga, Askofu Emmanuel Mapunda, wa kwanza wa jimbo, alimwachia kiti Askofu John Ndimbo mwaka 2011. Mzee akatoka, mdogo akaingia, na hakuna aliyeomba vitabu vya hesabu.

Kambona alirudi Septemba 1992, vyama vingi vikiwa vimeruhusiwa mwaka huohuo. Alikuwa ameishi nje miaka ishirini na mitano. Nyerere alikuwa tayari ameacha urais na uenyekiti, Kawawa ameacha ukatibu mkuu wa chama, ule aliokuwa nao Kambona zamani. Akaingia kwenye siasa na TADEA, haikufika mbali. Alifariki London mwaka 1997. Nyerere naye alifia London, tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa Butiama kuzikwa. Kwenye mazungumzo ya huku ziwani bado utasikia watu wakisema Kambona *alitoka*. Si alijiuzulu, si alikimbia. Alitoka tu, kama mtu aliyetoka nje ya nyumba jioni kwenda kutazama maji.